Ziwa Lililochorwa kwa Masikio

Mwaka 1854, kwa muda wa miezi sita hivi, mmishonari Mjerumani aliyeitwa Jakob Erhardt alikaa Tanga akiuliza watu maswali. Mji ulikuwa mdogo wakati huo, lakini ulikuwa na njia. Misafara ya pembe za ndovu iliondoka hapo kwenda bara na kurudi baada ya miezi mingi, na waliorudi hawakukosa la kusimulia. Erhardt alikuwa amekwisha kukaa pwani miaka mitano na Kiswahili alikijua. Alitaka kusikia kwa kila mtu mambo yaleyale: ulianzia wapi, ulilala wapi, ulitembea siku ngapi, ulikuta nini mwisho wa safari? Na karibu kila aliyefika mbali alimalizia mahali pamoja, kwenye maji.

Waliopita kaskazini, kwenye nchi ya Wamasai, walisema mwisho wa njia ni maji. Waliotoka pwani ya Mrima, wakavuka Ugogo, wakapumzika Unyanyembe na kufika Ujiji, walisema maji. Waliotoka Kilwa wakapita katika nchi ya Wayao walisema maji pia. Maji makubwa yasiyoonekana ng'ambo, si mto wala bwawa. Makundi haya matatu hayakusafiri pamoja, wala hayakuwa na sababu ya kupatana uongo.

Novemba mwaka huohuo Erhardt alikuwa Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, nyumbani kwa mwenzake Johannes Rebmann. Wakayaweka maelezo yote mezani. Rebmann alisimulia baadaye kwamba jawabu liliwajia wote wawili kwa mara moja. Ikiwa njia tatu zinazoachana pwani zote zinaishia majini, basi maji hayo ni mamoja. Mahali ambapo wanajiografia wa Ulaya walidhani pana nchi ya milima, wao waliona pana bonde na bahari ya bara.

Wakaichora.

Ramani waliyoitoa ni ya kushangaza hadi leo. Upande wa kulia kuna ukanda wa pwani, na kila mji uko mahali pake. Kutoka pwani zinachomoza njia za misafara zenye vituo, majina ya makabila na ya nchi. Kisha upande wa kushoto, likiwa limemeza karibu nusu ya karatasi, linalala ziwa moja refu lililojipinda, kuanzia karibu na ikweta hadi zaidi ya digrii 12 kusini. Kichwa chake ni kinene, kiuno kimebonyea, mkia umeelekea kusini. John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza nchini India, alipoiona ramani hiyo London alilifananisha umbo lile na koa mkubwa, yule konokono asiye na nyumba. Aliandika kwamba watu walikuwa wakiitazama, wakicheka na kutikisa vichwa. Mpaka sasa wanahistoria wa jiografia huiita kwa jina hilo, ramani ya koa.

Ilichapishwa kwanza mwaka 1855 katika gazeti la wamishonari huko Calw, kusini mwa Ujerumani. Mwaka uliofuata August Petermann wa Gotha, mchora ramani aliyeheshimiwa kuliko wengi wa zama zake, akaitoa katika jarida lake. Petermann alikuwa mwangalifu, akaiita mchoro tu wa ramani na kuambatanisha maelezo na mashaka ya wengine. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London nacho kikaijadili. Wakati huo Erhardt alikuwa amekwisha kuondoka Afrika Mashariki kwa sababu ya afya yake. Rebmann alibaki Rabai.

Ni rahisi kuwacheka watu hawa wawili, lakini kufanya hivyo ni kutowatendea haki, wao na wale waliowasimulia. Kuna maziwa matatu makubwa katika sehemu ile ya Afrika. Ziwa Viktoria linaanzia kaskazini kidogo ya ikweta na kuishia karibu na digrii 3 kusini. Tanganyika linaanzia digrii 3 na ushei na kwenda hadi karibu 9. Nyasa linaanzia 9 na nusu na kuishia 14 na nusu. Ukilitafuta lile ziwa la Rabai kwenye ramani ya leo, utakuta kichwa chake kiko Viktoria, tumbo liko Tanganyika na mkia uko Nyasa. Yaani maji yapo, tena yapo karibu pale yaliposemwa kuwepo. Kilichokosewa ni nchi kavu iliyo kati ya ziwa na ziwa, na hiyo hakuna msafiri aliyeulizwa habari zake.

Kila msimulizi alijua ufuko wake. Wa Ujiji hakujua ya Kilwa, na wa Kilwa hakujua ya Ukerewe. Aliyeunganisha ni kalamu.

Lugha nayo ilichangia. Nyasa, nyanja, nyanza: katika lugha za watu wanaoishi kando ya maziwa hayo, maneno haya ya ukoo mmoja maana yake ni maji makubwa tu, yaani ziwa. Mtu wa kusini akiulizwa maji yale yanaitwaje hujibu nyasa au nyanja. Mtu wa Usukuma akiulizwa swali hilohilo hujibu nyanza. Masikio ya mgeni yanasikia jina moja katika njia mbili, na jina moja humaanisha kitu kimoja. Hata leo anayesema Ziwa Nyasa anasema ziwa mara mbili bila kujua. Ukerewe nako ni kisiwa cha Ziwa Viktoria, lakini wasafiri wa pwani walilipa ziwa zima jina la kisiwa hicho, kama watu wanavyotaja kituo badala ya barabara.

Inafaa kukaa kidogo na wale waliosafiri, kwa sababu elimu iliyochorwa Rabai ni yao. Msafara uliongozwa na kirangozi, mtu aliyeijua njia, aliyetangulia na bendera. Nyuma yake walifuata wapagazi wamebeba merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba wakati wa kwenda, pembe wakati wa kurudi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyekwenda nao mwaka 1857, alieleza jinsi kirangozi alivyofanya kila njia ilipogawanyika: alilaza tawi la mti kwenye ile isiyopitwa, au akachora mstari kwa mguu mavumbini, ili walio nyuma wasipotee. Ule mstari ni ramani. Unasema jambo moja tu, usipite huku, na unalisema mahali penyewe na wakati wenyewe linapohitajika. Mvua ikinyesha umefutika, lakini kazi yake umeshaifanya.

Kichwani mwake kirangozi alikuwa na ramani nyingine, ndefu zaidi, na hiyo ilikuwa ya maneno. Kituo kwa kituo. Hapa pana kisima, pale pana mtemi anayedai hongo, yaani ushuru wa kupita. Hapa pana chakula, pale ni pori la siku kadhaa lisilo na maji, na kulivuka kunahitaji kutirikeza, yaani kuondoka mchana, kulala njiani bila maji na kufika kesho yake. Habari za namna hii ndizo zinazomfikisha mtu hai. Kaskazini ni wapi kwa hesabu ya dira, au mahali fulani pako digrii ngapi, hayo hayakumsaidia mpagazi mwenye mzigo wa kilo 30 begani.

Tatizo lilianza pale ramani ya maneno ilipotakiwa kugeuzwa kuwa ramani ya mistari. Siku ya msafara haina urefu maalumu. Msafara wa Burton ulifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, na yeye alikadiria wamekwenda maili 600. Ukigawa unapata maili nne na nusu kwa siku, ingawa siku ya kutembea walikwenda mara mbili ya hapo au zaidi. Siku zilizobaki waliumwa, waligombana na wapagazi, walisubiri hongo ikubaliwe, au walipumzika tu. Sasa mtu aliyekaa Tanga anayeambiwa kwamba Ujiji ni mwendo wa miezi kadhaa ataiweka wapi? Akizidisha, ziwa linasogea magharibi. Akipunguza, linarudi mashariki. Na njia ikipinda kufuata visima, yeye hakuona mpindo, akachora mstari.

Neno lenyewe la ramani lina historia inayogusa jambo hili. Wanaochunguza asili ya maneno wanaliunganisha na rahmani ya mabaharia wa Kiarabu, ambayo nayo inatoka katika Kiajemi, kwenye neno lenye maana ya kionyesha njia. Rahmani zilikuwa vitabu vya maelekezo: ukitoka bandari hii wakati wa pepo fulani, fuata nyota fulani, utaona mlima fulani, kaa mbali na mwamba fulani. Ahmad ibn Majid, baharia wa karne ya 15 aliyeijua Bahari ya Hindi kama kiganja chake, alitunga maelekezo ya aina hiyo kwa nathari na kwa mashairi ili yashikike kichwani. Kwa Mswahili, basi, ramani ilianza kama maneno kabla ya kuwa mchoro. Hata pande za dunia tumezipa majina ya pepo, kaskazi na kusi.

Pwani yenyewe ilikuwa imechorwa zamani sana. Katika kitabu cha Kiarabu kilichotungwa Misri katika karne ya 11, ambacho nakala yake imehifadhiwa Oxford, mna ramani ya Bahari ya Hindi yenye umbo la yai, na ndani yake limeandikwa jina la Unguja. Mwaka 1154 al-Idrisi alimkamilishia mfalme Roger wa Sicily kazi yake kubwa, ramani za dunia ambazo kusini iko juu, na Malindi imetajwa humo. Waliotaka kujua habari za biashara walizipata: bandari, bidhaa, umbali kwa siku za tanga. Bara halikuwahusu, wakalipitia juu juu.

Waingereza walipokuja na meli za kupima walifanya vivyo hivyo kwa vyombo bora zaidi. Kati ya 1821 na 1826 nahodha William Owen alizunguka pwani za Afrika akipima vina kwa kamba na risasi, huku mabaharia wake wakifa kwa homa kwa wingi wa kutisha. Chati zilizotokana na kazi hiyo zimejaa tarakimu upande wa bahari: pima ngapi hapa, mchanga au matope pale, mwamba huu unajificha maji yakijaa. Zikifika kwenye ufuko zinanyamaza. Nahodha hakuhitaji kujua nini kiko nyuma ya mikoko, ila kilima kirefu kinachoonekana kutoka baharini, kwa kuwa hicho kinamsaidia kulenga mlango wa bandari.

Mkalimani mmoja wa Owen aliitwa Khamis bin Uthman, Mswahili mwerevu aliyejua lugha nyingi. Katika miaka ya 1830 alifika London, na huko akakutana na William Desborough Cooley, msomi aliyeandika mengi juu ya Afrika bila kukanyaga Afrika Mashariki. Cooley alimhoji, akamhoji pia Nasib, mtumwa wa Khamis, na mwaka 1845 akachapisha makala marefu juu ya ziwa moja kubwa la bara aliloliita N'yassi. Kwa hiyo ziwa moja la Rabai lilikuwa na kaka yake mkubwa London. Na chanzo cha yote mawili kilikuwa kilekile, kinywa cha mtu wa pwani.

Tofauti ilikuwa katika moyo wa mwandishi. Cooley alikuwa ameshajenga nyumba yake, hakutaka mtu aiguse, na kisa cha theluji kilidhihirisha hilo.

Mei 11, 1848, Rebmann akiwa safarini kwenda Uchaga pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri na wapagazi wachache, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alidhani ni wingu. Akamuuliza mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza ule weupe ni nini, naye akamjibu kwa neno moja: baridi. Hakuwa na jina jingine la kitu kile, na hakulihitaji. Rebmann aliyekulia Ujerumani alielewa mara moja kwamba anatazama theluji. Alisikia pia kisa cha watu waliotumwa zamani kupanda mlima huo kwenda kuchukua kile kilichodhaniwa kuwa fedha, na masaibu yaliyowapata mikononi na miguuni. Desemba mwaka 1849 Ludwig Krapf, mwenzao wa kwanza pale Mombasa, naye akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani, mweupe kileleni.

Cooley alikataa. Katika kitabu chake cha 1852 alisema theluji chini ya ikweta ni ndoto ya mtu mwenye macho mabovu. Yeye alikuwa na vitabu, Rebmann alikuwa na macho na neno la mwenyeji, na kwa miaka kadhaa London ilisita kuamua. Ilibidi Baron Karl Klaus von der Decken apande Kilimanjaro mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, wafike zaidi ya mita 4,000 na kunyeshewa na theluji wenyewe, ndipo jambo liishe. Hata hapo Cooley hakutulia.

Kisa cha theluji kinaeleza kwa nini ramani ya koa haikutupwa kapuni. Waliochora walikuwa wameshadhihakiwa mara moja kwa jambo la kweli. Chama cha Jiografia kiliamua kutuma watu wakaangalie, na waliochaguliwa ni Burton na Speke. Walitua Zanzibar Desemba 1856, wakamtembelea Rebmann Rabai mwezi uliofuata, na Juni 1857 wakavuka kwenda Mrima kuanza safari. Mfukoni mwao ilikuwamo ile ramani.

Novemba 7 walifika Kaze. Aliyewapokea ni Snay bin Amir al-Harthi, Mwarabu aliyeanza maisha Maskati kwa kutengeneza halua, akaja bara, na baada ya miaka kumi na zaidi akawa miongoni mwa matajiri wa pembe na watumwa pale Unyanyembe. Utajiri huo ulibebwa mabegani mwa watu waliofungwa minyororo, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Lakini njia alizijua. Aliishi mahali ambapo barabara za bara zilikutana, habari zikimfikia kutoka pande zote.

Tukio lililofuata ni dogo kiasi cha kupitwa. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili cha kutosha. Alizungumza Kihindi na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akapelekwa India, akarudi Afrika akiwa mtu huru. Kwa ulimi wa Bombay, Speke alimfunulia Snay ile ramani na kumuuliza: Nyasa iko wapi? Snay akasema Nyasa ni ziwa jingine, liko kusini, si lile la Ujiji. Na Ukerewe je? Hilo nalo ni jingine, liko kaskazini, ni kubwa kuliko la Ujiji. Hapo Speke alielewa kwamba wale wa Rabai walikuwa wameyamwaga maziwa matatu katika chombo kimoja.

Koa akakatwa vipande vitatu kwenye baraza ya nyumba ya Kaze, kabla Mzungu yeyote kati yao hajaona tone la ziwa hata moja. Waliovuka na kupima walifuata baadaye: Tanganyika Februari 1858, Burton akiwa mgonjwa wa miguu na Speke karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho, kisha Speke peke yake akaenda Mwanza na kuliona lile la kaskazini Agosti 3. Historia imezoea kuandika tarehe hizo za kuona. Tarehe ya kuambiwa haiadhimishwi, ingawa ndiyo iliyoitengeneza ramani upya.

Swali ambalo Erhardt hakuwahi kulipatia mtu wa kulijibu ni lile la katikati: kutoka maji haya hadi maji yale kuna nini? Snay alikuwa na jibu kwa sababu alikaa katikati. Aliye Tanga huonana na watu wanaokuja kwa njia yao na kurudi kwa njia yao. Aliye Kaze huonana na watu wanaokwenda kaskazini wiki hii na magharibi wiki ijayo. Ubora wa habari ulitegemea mahali mtu aliposimama alipoulizwa, na karatasi haikuwa na namna ya kuonyesha hilo. Wino wa pwani iliyopimwa na wino wa ziwa lililosikika ulikuwa na weusi uleule. Laiti wangeziacha kingo za magharibi wazi, au wakazichora kwa nukta tu, vicheko vya London vingekuwa vichache.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna msafara ungeweza kulisimulia, nalo ni kimo. Uso wa Ziwa Viktoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tanganyika liko chini ya hapo, karibu mita 770. Nyasa liko chini zaidi, karibu mita 470. Maji hayawezi kukaa ngazi tatu na yakawa maji mamoja. Tarakimu tatu tu kando ya ufuko zingetosha kulipasua lile ziwa. Speke alijaribu kuzipata kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Kwa ziwa la kaskazini alipata jibu la karibu sana na ukweli. Kwa Tanganyika alipata futi 1,800 na ushei, karibu futi 700 chini ya ukweli. Kosa lilikuwa kubwa, lakini bahati nzuri lilielekea upande uleule: maziwa hayako sawa, basi si mamoja.

Makosa yaliyofuata yaliyafuata yale ya kwanza kwa njia ya kinyume. Burton na Speke waligombana juu ya chanzo cha Mto Nili, na katika ugomvi huo Burton alidai kwamba lile ziwa la Speke huenda si moja bali ni mkusanyiko wa maziwa kadhaa. Waliounganisha matatu kuwa moja sasa walipata mrithi anayeligawa moja kuwa mengi. Msafiri Henry Morton Stanley ndiye aliyemaliza shauri hilo. Machi 1875 aliiteremsha majini mashua yake, Lady Alice, karibu na Mwanza, akalizunguka ziwa lote kwa muda wa wiki nane hivi, na kuthibitisha kwamba ni moja.

Mto Rusizi ulipitia mkasa huohuo. Mwaka 1858 huko Uvira, Burton na Speke waliambiwa na wana wa mtawala wa pale kwamba mto huo unaingia katika Tanganyika, hautoki. Awali mfanyabiashara mmoja alikuwa amewaambia unatoka. Wakarudi bila kuuona mdomo wake, na Ulaya ikabishana miaka 13. Novemba 1871 mmishonari na msafiri Livingstone pamoja na Stanley walikwenda kwa mtumbwi wakaona unaingia, kama wenyeji walivyosema.

Baada ya kupata sura yake, ramani ya maziwa ilipewa kazi nyingine. Novemba 1, 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari unaoanzia mdomo wa Mto Umba, karibu na Vanga, kwenda Ziwa Jipe, kuzunguka upande wa kaskazini wa Kilimanjaro, kisha kunyooka hadi Ziwa Viktoria kwenye digrii moja kusini. Sultani wa Zanzibar aliachiwa ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi. Mstari huo haukuonyesha kisima, malisho wala njia. Ulipita katikati ya nchi ya Wamasai, na waliouchora hawakumhoji mtu yeyote mwenye kuijua njia. Julai 1, 1890 mapatano mengine yaliendeleza mipaka hadi Nyasa, na mpaka leo ukifungua ramani iliyochapishwa Tanzania utakuta mpaka uko katikati ya ziwa, na ukifungua ya Malawi utaukuta kwenye ufuko wa Tanzania. Ziwa ni lilelile, samaki ni walewale, na hata jina la ziwa si moja katika karatasi hizo mbili.

Rebmann hakuyaona hayo. Alikaa Rabai miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, na maziwa aliyoyachora hakuyaona kamwe. Tangu mwaka 1853 alikuwa amekaa na Salimini, mtu aliyetekwa katika nchi ya magharibi ya Nyasa na kuuzwa, akawa mtumwa Mombasa. Rebmann alimwomba kwa bwana wake ili amfundishe lugha yake, na siku baada ya siku aliandika maneno ya Salimini: ya kilimo, ya nyumba, ya viungo vya mwili, ya maji. Ramani ilichorwa kwa majuma machache. Kamusi ilichukua miaka.

Mwaka 1875, mwaka uleule ambao Stanley alilizunguka Ziwa Viktoria, Rebmann aliondoka Mombasa akiwa amepofuka, akisindikizwa na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai aliyemshika mkono hadi Ulaya. Alifariki Korntal mwaka 1876. Mwaka uliofuata Krapf, naye akiwa mzee, aliichapisha ile kamusi huko Basel. Maneno yaliyomo ni yale aliyoyatoa Salimini akiwa Rabai, mwendo wa miezi kutoka kwao.